Kuelea kwa Daraja la Kwanza

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, gauni la jukwaani lililetwa dukani kwa fundi cherehani likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko umefungwa mafundo mawili. Aliyelileta ni Mzee Winchi, mfanyakazi wa siku nyingi wa kaka yake fundi. Aliuweka mfuko juu ya meza ya kukatia, akasema Profesa anaomba mpasuo wa nyuma uongezwe vidole viwili, akaondoka bila hata kukaa. Fundi alifungua fundo la kwanza kwa vidole na la pili kwa meno. Ndipo harufu ikatoka.

Nguo za watu zina harufu zake, na mtu aliyekaa nyuma ya cherehani miaka ishirini na miwili ameshazinusa zote: jasho, moshi, maziwa ya mtoto, mafuta ya taa, mikojo ya wagonjwa. Hii haikuwa mojawapo. Hii ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria. Fundi akaligeuza gauni ndani nje. Upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno, bitana ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kadibodi, kahawia katikati, njano pembeni, na katikati ya kahawia palikuwa na mpasuo wa urefu wa kiganja ambao kingo zake zilikuwa bado zimelowa. Alidhani ni grisi ya mashine. Akagusa, akanusa kidole. Haikuwa grisi. Alitoka nje akatema mate mtaroni, akarudi akanawa mikono mara mbili kwa sabuni ya kufulia.

Kaka yake alijulikana mji mzima kwa jina la Profesa, ingawa shule aliiachia darasa la sita kwa hiari ya mwalimu mkuu. Kazi yake ilikuwa mazingaombwe. Kila Jumamosi alasiri alitoa njiwa kwenye kofia, akakata kamba na kuiunga, na mwisho kabisa akamlaza mkewe juu ya meza, akaiondoa meza, mke akabaki hewani nywele zikining'inia. Halafu alichukua pete kubwa ya chuma, akaipitisha kuanzia miguuni hadi kichwani, akairudia tena kwa ajili ya wabishi. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawawasha. Fundi mwenyewe alishakaa kiti cha mbele mara nyingi tu, akapiga makofi kama wenzake, na hakuwahi kuuliza chochote. Gauni lilikuwa likishonwa na bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yamemwishia mwezi uliopita, ndiyo maana safari hii likaletwa kwa dada wa damu.

Alifunga duka, akabeba mfuko, akaenda ukumbini. Profesa alikuwa nyuma ya jukwaa anamenya yai la kuchemsha. Fundi alimwambia hawezi kushona kitu asichokijua kazi yake, na anataka aambiwe mpasuo ule ni wa nini na uchafu ule ni wa nini. Profesa akasema sawa, lakini lazima aape kwanza. Alimsimamisha mkono wa kulia juu, Mzee Winchi akiwa shahidi, akamtamkisha kwamba siri ya Chama cha wanamazingaombwe haitatoka kinywani mwake, awe anaongea na mume, mzazi au daktari. Fundi aliapa huku mkono wa kushoto umeshika mfuko unaonuka. Baada ya hapo akaonyeshwa.

Kumbe ni chuma tu. Miaka yote hiyo watu wazima na akili zao wanaacha midomo wazi, kumbe ni chuma. Nyuma ya pazia jeusi kuna nguzo iliyofungwa sakafuni kwa bolti, na kwenye nguzo kuna winchi. Mzee Winchi hukaa pale kwenye kigoda, anazungusha mkono wa winchi polepole, chuma kinapanda au kinashuka. Chuma chenyewe kinapenya kwenye pazia kikiwa kimepindwa kama shingo ya bata, na ncha yake inaingia kwenye mpasuo wa gauni na kukamata bamba ambalo mwanamke amelivaa ndani, limefungwa kiunoni kwa mikanda. Uzito wake wote unakalia bamba hilo. Profesa husimama mbele kabisa ya chuma ili suruali yake ikifiche. Kona ya shingo ya bata ni kwa ajili ya pete: pete inaingia miguuni, inafika kwenye kona, inazungushwa kwa nyuma, inatokea kichwani, halafu inarudishwa njia ileile. Mtazamaji anaapa pete imepita mara mbili. Ukweli ni kwamba haijapita hata mara moja.

Profesa alieleza yote hayo kwa majivuno, kiini cha yai kimemganda kwenye mdomo wa chini. Alisema sanaa yenyewe ni mambo matatu: pazia jeusi, uso mtulivu, na mke asiyetikisika. Fundi akauliza bamba linakaa sehemu gani hasa. Profesa akajipiga nyonga ya kulia. Fundi akauliza kwa nini linatoa maji machafu.

"Ngozi yake laini mno," Profesa akasema, akatia nusu ya yai mdomoni. "Tangu mwanzo nimemwambia apake mafuta."

Ukisikia mtu anasema kinyaa kimempanda hadi kooni, ujue ni kitu cha kweli, kina uzito na kina ladha. Fundi alikimeza akaenda nyumbani kwa kaka yake.

Wifi yake alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, anachambua mchele kwenye sinia lililowekwa sakafuni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliombwa aonyeshe, akapandisha nguo akaonyesha. Kidonda kilikuwa na upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Kingo zilikuwa nyeusi na zimejikunja, ndani mlikuwa na rangi ambazo fundi alikuwa akiziona kwenye bucha peke yake, na katikati palikuwa na kitu cheupe ambacho hakutaka kukiulizia. Wifi alikitaja bila kuulizwa. Muuguzi wa zahanati alimwambia ule ni mfupa. Alimwambia pia kwamba chuma kikiendelea kukaa pale miezi miwili mingine, mguu wa kulia hautamshika tena maisha yake yote, na kama kikiondolewa, huenda nyama ikajijaza yenyewe. Aliyasimulia hayo kama mtu anayesimulia paa linalovuja. Mumewe alishaambiwa. Alijibu kwamba litazungumzwa baada ya mtihani wa Chama, kwa sababu yeye ni wa daraja la pili na mwaka huu anataka la kwanza.

"Wifi," fundi akasema, "miaka tisa unapandishwa kwenye chuma, na mimi niko mtaa wa pili. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliapa," Wifi akajibu, akaendelea kutoa chuya kwenye mchele.

Fundi alilifua lile gauni kwa maji ya moto mara nne. Akaibandua bitana yote akaitupa, akaweka pamba mpya ya unene wa kidole kuzunguka mpasuo, akaongeza vile vidole viwili alivyoombwa. Jumatano alilipeleka mwenyewe ili aone linavyokaa, na ndivyo alivyokuwepo kwenye mazoezi siku chuma kilipokatika.

Wifi alikuwa ameshapandishwa. Profesa alikuwa mbele yake amenyoosha mikono na amefumba macho, maana alipenda kufumba macho hata kwenye mazoezi. Chuma kilitoa sauti fupi, kama ufunguo unaovunjikia ndani ya kufuli, kipande kikaanguka na kupasua ubao mmoja wa jukwaa. Mzee Winchi akatokeza nyuma ya pazia ameshika mkono wa winchi usio na kitu mbele yake. Wifi hakuanguka. Alibaki palepale alipokuwa, nywele zinaning'inia, na baada ya muda akajikuna pua.

Profesa alichukua pete akaipitisha kama kawaida. Alipofika mahali pa kuizungusha, haikuwa na cha kuzunguka. Ikanyooka moja kwa moja hadi kichwani, naye akapepesuka akakaribia kuanguka, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea kona. Alikasirika. Alimwambia mkewe amemharibia mkono. Fundi akatoa futi yake mfukoni akapima kutoka sakafuni hadi mgongoni kwa Wifi, akapata mita moja na sentimita ishirini kamili, urefu uleule ulioandikwa kwenye mchoro ukutani. Mzee Winchi akasema hapo hakuna cha kushangaza. Mtu ukimtundika mahali pamoja kwa miaka tisa, mwili unazoea. Yeye mwenyewe akiwa usingizini huzungusha mkono, mkewe anaweza kushuhudia. Wakashuka kunywa chai.

Tangu siku ile Wifi akawa hivyo. Akisimama au akikaa alikuwa mtu kama watu, anapika, anafua, anakwenda sokoni. Akilala tu, anapanda mita moja na ishirini, hazidi wala hapungui, na hawezi kusogea kwenda popote. Nyumbani alianza kulala juu ya kitanda badala ya kitandani. Profesa alilalamika kwamba blanketi halitulii na baridi inampiga ubavuni. Alijaribu kumfunga kwa shuka kwenye chaga za kitanda, lakini Wifi akaanza kuinuka na kitanda upande mmoja, Profesa akaviringika hadi ukutani, wakaacha.

Muhimu ni kwamba nyonga ilipumzika. Wiki ya kwanza maji yalikauka. Wiki ya tatu nyama nyekundu ilianza kujaza shimo kutoka chini, na fundi, ambaye alikuwa akija kila siku mbili kubadilisha kitambaa, alifika siku moja akakuta ule mfupa hauonekani tena. Alikaa chini akalia kidogo. Wiki ya tano Wifi alitembea hadi dukani kwa miguu yake bila kuchechemea, akaomba maji ya kunywa, akakaa kwenye benchi la wateja akicheka kitu ambacho wala hakikuwa kinachekesha.

Watazamaji wa Jumamosi hawakuona tofauti yoyote. Walilipia mwanamke anayeelea na mwanamke alikuwa anaelea. Aliyeona tofauti ni Profesa. Alikuwa akinyoosha mikono, na mikono haina inachokificha. Alikuwa akimwamuru mkewe apande kabla hajajilaza vizuri, akamkuta ameshafika. Mzee Winchi alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya pazia anasoma gazeti. Jumamosi moja Profesa alivua kofia akamuuliza dada yake, mbele ya mke mwenyewe, kama mke anaelea tu hivihivi, yeye mume kazi yake ni nini pale. Lilikuwa swali zuri. Bahati mbaya hakusubiri jibu.

Siku ya mtihani ikafika. Kamati ya Chama ilikuja asubuhi, watu watatu: Mwenyekiti, mzee mwenye kucha ndefu zilizopakwa mafuta na kitambaa chenye manukato, Katibu na jalada lake, na mjumbe mmoja aliyelala tangu mwanzo hadi mwisho. Utaratibu wao ni huu: kila mchezo una mchoro wa kifaa chake ndani ya jalada, na siku ya mtihani kifaa kinakaguliwa, kinalinganishwa na mchoro, ndipo daraja linatolewa. Profesa alionyesha njiwa, akaonyesha kamba, wakaweka tiki. Kisha Wifi akajilaza, meza ikaondolewa, pete ikapita mara tatu moja kwa moja bila kona.

Mwenyekiti akapanda jukwaani kukagua. Alipitisha mkono chini ya Wifi. Akapapasa mgongo, akashuka kiunoni, akafika makalioni, akakaa pale muda ambao hakuna kanuni yoyote inayouhitaji, macho yake yanaangalia dari kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Fundi alikuwa pembeni ya pazia na sindano zake. Aliona kucha zile zikikwaruza hariri. Kwa mara ya pili tangu gauni lile liletwe dukani alitamani mahali pa kutemea mate, na mahali hapakuwepo.

"Kifaa kiko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

Profesa alianza kutoka jasho, akasema kilikatika, wakaonelea hakuna haja.

"Hakuna kifaa, mzee," Wifi akasema kutoka alipokuwa. "Naelea mwenyewe."

Mwenyekiti hakumtazama. Alimwomba Profesa amkumbushe mkewe kwamba wasaidizi hawahojiwi. Akafuta mkono kwa kile kitambaa chenye manukato, kidole kimoja kimoja, akamwagiza Katibu asome kanuni ya nne. Katibu akasoma kwamba mwanachama atawadanganya watazamaji kwa ustadi wake na kwa kifaa kilichosajiliwa, na si kwa njia nyingine yoyote. Kisha wakajadiliana palepale, Wifi bado yuko hewani katikati yao, Katibu ameegemeza jalada kwenye tumbo lake ili aandike vizuri. Waliona tatizo ni kubwa. Mtu anayeelea kweli, huku umma unaambiwa anaelea, hayo si mazingaombwe, ni utapeli. Watu wameacha shughuli zao wakaja kudanganywa kihalali, halafu wanaonyeshwa ukweli. Kazi ya watu wote wa Chama itaheshimika vipi?

Mwenyekiti hakuwa mkali, lazima hilo lisemwe. Alimshika Profesa bega akamwambia asijilaumu. Hutokea. Wasaidizi wakikaa sana kwenye chuma, hutokea, na kuna namna ya kuwadhibiti. Akatoa siku kumi na nne. Chuma kiungwe, bamba lirudi mahali pake, na kwa kuwa sasa msaidizi ana tabia ya kupanda, ashonewe mkanda wa kumbana kwa juu ili nyonga ikae juu ya chuma sawasawa. Katibu akachomoa mchoro wa mkanda huo ndani ya jalada. Karatasi ilikuwa ya zamani, imegeuka njano, na mikunjo yake imeunganishwa kwa gundi.

Profesa aliuleta mchoro dukani siku ileile. Fundi alimwambia hashoni. Alimwambia amekiona kile kidonda kwa macho yake, amekisafisha kwa mikono yake, ngozi iliyofunga pale ni nyembamba kama ya kitunguu, na muuguzi alishasema kikifunguka tena mguu umekwenda. Alimwambia pia mambo mengine kuhusu tabia yake tangu utotoni ambayo hayana haja ya kurudiwa. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hakuna shida, dada asipotaka, yule jamaa anayetengeneza viti vya magari ameshakubali. Atatumia turubai na waya. Akaacha mchoro mezani kwa makusudi.

Kesho yake Wifi alikuja peke yake. Alitembea vizuri, hatua ndefu, mikono inapunga. Alikaa kwenye benchi akautazama ule mchoro kama mtu anayetazama picha ya ndugu wa mbali. Fundi alimwambia ahamie kwake, chumba cha uani kipo, kina mlango wake na kufuli lake. Wifi alitikisa kichwa.

"Na nikihamia kwako, mumeo akirudi safari akanikuta nimelala juu pale, atakaa wiki ngapi kabla hajaanza kufikiria pazia na viingilio?" akasema. "Mama yangu nilimwandikia. Kanijibu nisimuaibishe mkwe wake mbele ya Chama. Shona wewe, wifi. Yule wa viti vya magari hajui kidonda kilipo."

Fundi akashona. Hiyo ndiyo aibu yake, na hakuna wa kumsaidia kuibeba. Alichagua turubai laini kuliko yote, akalitia bitana ya pamba mikunjo minne, akakata tundu kubwa mahali pa kidonda ili mkanda upite pembeni yake. Alifanya kazi safi sana, mishono midogo na imenyooka. Akamaliza, akaitazama ilivyopendeza, akajichukia.

Marudio ya mtihani yalifanyika mbele ya watazamaji, Jumamosi alasiri. Chuma kilikuwa kimeungwa, kinene kuliko cha kwanza. Wifi alilazwa juu ya bamba, mkanda ukakazwa, na mwili wake ukaanza kupanda kama ulivyozoea. Tatizo lilikuwa kimo. Yule aliyeunga chuma alikipunguza kidogo, kikawa kinaishia mita moja na kumi na tano. Kwa hiyo Wifi alikuwa anavutwa chini sentimita tano muda wote wa onyesho, mkanda unamkata kwa juu na bamba linamsaga kwa chini. Nyuma ya pazia Mzee Winchi alisema baadaye kwamba winchi ilikuwa nyepesi mno, ilibidi aifunge kwa kamba isipande yenyewe. Wifi hakutikisika. Profesa alisimama mbele ya chuma, akafumba macho, akapitisha pete kwa kona zake zote bila kosa.

Mwenyekiti alipanda, akapitisha mkono wake chini, akakikuta chuma. Akakigonga kwa ukucha, kikalia.

"Sasa anaelea," akasema.

Ukumbi ukapiga makofi. Profesa alipewa daraja la kwanza palepale, na cheti chenye muhuri mwekundu. Gauni lilipovuliwa, bitana yote ya upande wa kulia ilikuwa imelowa, na harufu ilikuwa bado haijaanza, lakini fundi alijua itaanza Jumatatu. Ilianza Jumapili. Wiki ya tatu Wifi alianza kutumia fimbo. Wiki ya sita muuguzi alisema mguu umekwenda, kama alivyoonya. Profesa alikuwa ameshakipeleka cheti kwa fundi wa fremu, na akaamua kwamba msaidizi asiyeweza kutembea hatakuwa tatizo, maana kwenye mchezo wenyewe halazimiki kutembea.

Mkanda ukasifiwa. Mwenyekiti alimwambia kila mwanachama kwamba tangu aingie Chama hajaona mkanda ulioshonwa vizuri namna ile. Ndipo wanawake wakaanza kuja dukani. Walikuja asubuhi moja wote pamoja, saba, wake na dada za wanamazingaombwe wa miji ya jirani, wanne wakiwa na fimbo. Waliomba mlango ufungwe kwa ndani. Fundi akauliza nani aanze kupimwa, akawaambia samahani, hana kitanda cha kupimia. Walimwambia asihangaike.

Wakajilaza. Wa kwanza aliishia sentimita tisini, wa pili mita moja na kumi, wa tatu juu zaidi karibu na taa. Duka ni dogo. Fundi alilazimika kupita chini yao ameinama, futi shingoni na penseli sikioni, anapandisha nguo moja baada ya nyingine. Vidonda vya wengine viko kulia, vya wengine kushoto, mmoja pande zote mbili, maana mume wake alibadilisha upande wa kwanza ulipoisha. Vingine vilikuwa vikavu na vya zamani, vingine vinatoka maji. Alifungua dirisha la nyuma ili apate kupumua. Wenyewe hawakuisikia harufu. Waliongea kule juu kwa sauti za kawaida kabisa kuhusu sabuni gani inatoa doa bila kuharibu hariri, na mmoja akasema yeye hulowesha kwa maji ya chumvi.

Wa mwisho alikuwa mke wa Mwenyekiti. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Fundi akamuuliza kama bado anapanda jukwaani. Bibi akasema hapana, aliacha miaka ishirini na mmoja iliyopita. Basi mkanda ni wa nini, fundi akauliza.

"Wa kuzikiwa, mwanangu," bibi akasema. "Mume wangu hapati usingizi. Anasema siku hiyo watu wote wa Chama watakuwepo kaburini, na mimi nikilazwa nitapanda, nimtie aibu."

Fundi aliikunjua futi. Akamuuliza bibi anaelea kimo gani, na bibi akasema mita moja na nusu, akajilaza ili aonyeshe. Fundi akapanda juu ya stuli, akampima nyonga, akampima kiuno, akaandika. Halafu akauliza anataka kitambaa cha aina gani.

"Kisichooza upesi," bibi akasema.

Fundi akashuka, akaenda kwenye rafu, akamtolea turubai nene la kijani, akamfikishia pale juu alipokuwa ili alipapase mwenyewe.